Tabibu wa Maini ya Moto

Kabla hajawa Tabibu alikuwa fundi wa majokofu, na kwa kazi ile ya kwanza sina neno baya la kusema juu yake. Friji aliyoitengeneza iligandisha. Alikuwa akiweka sikio ubavuni mwa kompresa, anafumba macho, kisha anataja ugonjwa, na mara nyingi alipatia. Mambo yaliharibika alipoanza kuwasikiliza watu kwa namna ile ile. Friji haimsifu fundi wake, wala haina hamu ya kudanganywa. Binadamu anayo.

Mimi nilipanga chumba juu ya duka lake. Nimeishi katika miji mingi na karibu kila mji una duka lake la usingizi. Mahali pengine wanauza mizizi inayonuka kama soksi za mwanajeshi, pengine maua makavu ya kuchemsha, pengine mito iliyojazwa majani ya kunukia, na kila mahali muuzaji mwenyewe ana macho mekundu. Tabibu alichagua Uchina. "Uchina ni mbali," aliniambia siku moja, kwa unyofu uliomponyoka. "Nani atakwenda kuuliza?"

Duka lilikuwa karakana yake ya zamani, na hata ukilipaka rangi kiasi gani bado lilinuka mafuta ya mashine. Ukutani alining'iniza picha ya mtu aliyechorwa madoa ya kuchomea sindano mwili mzima, na chini yake akasimamisha kabati la droo ndogo ndogo alilolinunua kwa muuza misumari. Kila droo ilibandikwa maandishi ya Kichina. Maandishi yale nayasoma kidogo: aliyakata kwenye makatoni ya vioo vya madirisha. Droo ya juu ilisema "Upande huu juu", ya katikati ilisema "Shika taratibu", na ile iliyohifadhi dawa yake ya thamani kabisa ilisema "Isinyeshewe mvua". Nilipomweleza hakuona haya hata kidogo.

"Kwani uongo?" alisema. "Wewe dawa yako ungeiacha inyeshewe?"

Ujuzi wake aliuokota kambini. Kampuni moja ya wajenzi wa barabara ilipiga kambi nje ya mji, na ilikuwa na daktari, mama wa makamo kutoka Uchina, aliyetibu kwa mitishamba ya kwao. Fundi aliitwa kutengeneza friji ya zahanati. Friji ile ikapata ugonjwa usiokwisha, kwa sababu fundi alipenda kukaa pale akichungulia. Alimwona daktari akiweka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wa mgonjwa, mkono huu kisha ule, akimwambia atoe ulimi, akiutazama kama mtu anayesoma tangazo. Alisikia maneno moto, baridi, ini, moyo. Akayabeba.

Asichokiona, au asichotaka kukiona, ni kwamba kabla ya vidole kulikuwa na maswali marefu: unakunywa nini mchana, unaogopa nini, nani amekufa kwenu. Kokwa za kunazi, ambazo watu wa tiba ile huzisifu kwa usingizi tangu zamani, daktari alizikaanga na kuziponda kwa ajili ya mgonjwa huyu, na kwa yule hakuzitia kabisa. Mtu alirudi, dawa ikabadilishwa. Wengine aliwarudisha makwao bila jani hata moja, akiwaambia waache chai ya jioni. Kama ni mitishamba iliyowalaza au ni yale maongezi, mimi sijui. Nimewasikia wasomi wakibishana juu ya jambo hilo katika lugha zaidi ya moja, na hakuna lugha waliyofikia mwafaka. Lakini yule mama alikuwa anafanya kazi. Mtu wetu alichukua vidole na ulimi, kazi akaiacha kambini.

Daktari alipoondoka na kambi yake, fundi akanunua koti jeupe.

Kutoka juu nilisikia kila kitu, maana sakafu ilikuwa ya mbao na mbao zilikuwa na nafasi. Mteja anaingia, mara nyingi mtu mzima, mara nyingi mwenye hasira.

"Toa ulimi, mama. Zaidi. Mh! Mh!"

"Ni nini?"

"Ini lako lina moto."

"Nilijua! Si niliwaambia wanangu, hili ni ini! Wananiambia mama, ni mawazo."

"Mawazo yanatoka wapi kama si kwenye ini?"

"Waambie, daktari, waambie!"

Muda wote nilioishi juu ya duka lile sikusikia ini lililopoa. Mwashi alikuwa na ini la moto, karani wa mahakama naye, mama muuza vitambaa naye na mkwewe asiyesemezana naye. Na wote walitoka wameridhika. Nani anataka kuambiwa kwamba halali kwa sababu anakunywa kupita kiasi, au kwa sababu hampendi mtu anayelala pembeni yake? Ini halimsengenyi mtu. Ini linabeba lawama na halijibu.

Tatizo lilikuwa dogo tu: dawa haikumlaza mtu. Kwenye pakiti alitia magome, maganda makavu ya machungwa, na kokwa za kunazi nzima nzima, ngumu kama kokoto, ambazo ukizichemsha mpaka sufuria itoboke hazitoi kitu. Wateja wakaanza kunung'unika. Hapo ndipo Tabibu alipomkumbuka rafiki yake mmoja wa stoo ya dawa, ambaye alikuwa na vidonge vya usingizi vilivyopotea njia kwenda hospitali. Mke wa Tabibu akapewa kinu, mchi na chekecheke. Alivitwanga nyuma ya pazia, akachanganya ule unga na unga wa mizizi uwe na rangi ya udongo, akanyunyizia juu ya majani. Haya niliyajua baadaye, kwa kinywa cha mke huyo mwenyewe. Wakati ule nilidhani anatwanga viungo vya mchuzi, na nikashangaa familia inakula nini.

Sasa watu walilala. Ila wateja wale hawakuwa na nidhamu hata ya kuugua. Kwenye pakiti kulikuwa na karatasi: chemsha mara moja, kunywa kikombe jioni, kikombe alfajiri, makapi utupe. Maelezo hayo Tabibu aliyanakili kwa yule daktari, ambaye dawa yake ilikuwa majani na si kingine, akayaacha vile vile kwa sababu yalionekana ya kitaalamu. Hakuna aliyeyafuata. Nani atupe makapi ya dawa aliyoinunua? Sufuria ilikaa jikoni, ikaongezwa maji, ikachemshwa tena, na tena, mpaka ikatoa maji meupe kama ya bomba. Jirani akaja na kikombe, dada wa jirani akaja na chupa. Kisha wakarudi dukani kulalamika kwamba dawa imepungua nguvu.

Tabibu hakubishana nao. Alipandisha idadi ya vidonge, kama fundi anavyojaza gesi kwenye friji inayovuja badala ya kuziba tundu. Ikafika mahali pakiti ya mtu mmoja ilibeba vidonge vya ukoo mzima, na ukoo mzima ukalala. Sifa zake zikavuka barabara kuu.

Mkewe alikuwa na mdogo wake, dereva wa basi la shule, ambaye watu wote walimwita Breki. Jina lilimfaa. Alisimama kwenye taa ya njano, alisimama kwa kuku, alisimama kwa mtu aliyeonekana kama anafikiria kuvuka. Madereva wenzake walimzomea. Alikuwa mtu wa aina ile inayochekwa mpaka siku mtoto wako anapopanda basi lake.

Breki alipoteza usingizi kwa ajili ya asubuhi moja. Alipitiliza kulala, watoto wakasimama barabarani wakinyeshewa, na ingawa hakuna aliyekohoa, hakujisamehe. Tangu hapo akawa anailinda saa badala ya kulala. Meneja wa kampuni ya mabasi akayaona macho yake, akamnyang'anya ufunguo, akampa ndoo na brashi aoshe magari. "Ukilala, utarudi," alimwambia. "Usipolala, muhula mpya utaanza na dereva mwingine." Breki hakuwa na ufundi mwingine, wala hakutaka. Mtu huyo alitaka kiti chake.

Kwa miaka alikuwa amemcheka shemeji yake. Kila akipita dukani alichungulia mlangoni na kuuliza, "Shemeji, friji yangu inakohoa, nilete ulimi wake?" Sasa aliingia na kofia mkononi.

"Shemeji, nimekuja."

"Nilijua utakuja. Kaa. Toa ulimi."

"Usinifanyie mchezo. Nautaka usukani wangu."

"Ulimi kwanza."

Breki akakaa. Kiti kikalia.

"Ini lako..."

"Lina moto," Breki akamalizia. "Haya, tulizime. Nafanyaje?"

Nyuma ya pazia mke wa Tabibu akakohoa, kisha akamwita mumewe. Waliyosema huko alinisimulia yule mke.

"Huyo mwambie ukweli," alisema. "Au mpe majani matupu."

"Majani matupu yatamlaza?"

"Hayatamlaza."

"Sasa?"

"Ni mdogo wangu!"

"Ndiyo maana. Akilala kwa dawa yangu, nani kwenu atanicheka tena?"

Hicho ndicho kilichokuwa moyoni mwa Tabibu. Wala hakukusudia kumdhuru mtu. Watu wa aina yake hawakusudii kitu chochote, ndiyo maana ni vigumu kuwashika. Alitaka tu kuitwa daktari kwenye ukoo wa mkewe. Akarudi na pakiti, ile ile ya wote.

Breki akasoma karatasi kwa sauti, kama mtoto anayetumwa dukani. "Nachemsha mara moja. Kikombe jioni, kikombe alfajiri. Makapi natupa."

"Unatupa."

"Hata kama bado yana rangi?"

"Tupa."

Alikuwa mteja wa kwanza kuuliza. Tabibu akafurahi, akaona hatimaye amepata mgonjwa mwenye adabu. Haikumpitia akilini kwamba dawa yake yote ilipimwa kwa watu wasio na adabu.

Breki akalala. Alilala kama gunia. Asubuhi alikunywa kikombe cha pili kama karatasi ilivyosema, akaenda kuosha magari, na wenzake wakamkuta amesinzia juu ya ndoo, brashi mkononi. Wakacheka: mwacheni, anafidia. Yeye mwenyewe aliona ule uzito ni usingizi wa zamani unaomtoka, kama jasho la homa. Macho yakawa meupe. Meneja akamtazama, akampa ufunguo, na Breki akaja dukani kumshika Tabibu mkono kwa mikono yake yote miwili. "Daktari," alimwita, mbele ya wateja. Nilisikia Tabibu akikohoa kwa kiburi.

Asubuhi ya kwanza kwenye usukani alikunywa kikombe chake cha alfajiri mpaka chini. Alipita vituo vyote. Alifika kwenye lango la shule, akasimama kungoja lifunguliwe, na hapo, mguu ukiwa juu ya breki, Breki akazimika. Basi likateleza polepole, watoto wakiimba, likakisukuma kibanda cha mlinzi mpaka kikalala chali. Mlinzi alikuwa ametoka kufungua lango. Watoto wakapiga makofi, wakidhani ni mchezo; ni msichana mmoja mkubwa aliyemtikisa dereva begani na kuanza kulia.

Hospitali wakapima damu wakakuta dawa ya usingizi, nyingi. Meneja hakuhitaji kusikia zaidi. Dereva wa watoto, damu imejaa vidonge! Breki aliapa kwa kila alicho nacho kwamba hakumeza kidonge, alikunywa mitishamba tu. Meneja akamwambia kila mlevi wa vidonge husema hivyo, na aje kesho kuchukua vitu vyake, na asitarajie kampuni nyingine itampa hata mkokoteni.

Jioni ile ukoo ulikusanyika dukani, wakakaa kwenye viti vya wagonjwa. Kila mtu alimtazama Tabibu. Neno moja lake lingetosha. Yeye akarekebisha koti.

"Mashine za hospitali," alisema, "hazifahamu mizizi. Zinaona kitu, zinakipa jina zinalolijua."

"Kwa hiyo ni mizizi?" Breki aliuliza. Alitaka kuamini, maskini. "Shemeji, njoo kesho umwambie meneja hivyo hivyo. Wewe ni mtaalamu."

"Nitakuja," alisema Tabibu, na naamini alikusudia kuumwa asubuhi.

Hakupata nafasi. Mkewe alimtoa kitandani, akamvalisha lile koti jeupe kama mtu anayemvalisha mtoto wa shule, akaniomba niwasindikize, kwa kuwa, alisema, mbele ya mgeni mume wake hujikaza. Ofisi ya meneja ilikuwa kwenye kona ya gereji, ikinuka mpira na dizeli. Breki alikuwa amesimama tayari, kofia yake ya kazi ameikunja kwapani.

"Bwana meneja," dada yake alisema, bila kukaa. "Ndugu yangu hakumeza vidonge. Vidonge vilikuwa kwenye pakiti. Nilivitwanga mimi."

Breki akageuka taratibu. "Dada?"

"Nilivitwanga mimi, na aliyeniambia nitwange ni huyu."

Meneja akamtazama Tabibu. "Ni kweli?"

Nimewaona waongo wakubwa, wengine wakiwa na walinzi na bendera kwenye magari yao, lakini sijaona uongo mchovu kama ule. "Mke wangu," Tabibu alisema kwa upole, "halali siku hizi. Amechanganyikiwa. Ini lake..."

Mkewe akacheka. Kicheko kifupi, kama mtu anayefunga droo. Akatoa mkobani chupa ya chai na kikombe, akamimina maji ya rangi ya udongo mpaka juu, akakisogeza mbele ya mumewe.

"Pakiti moja," alisema. "Imechemshwa mara moja, kama ulivyoandika. Kunywa."

"Sasa hivi?"

"Ni majani tu. Kunywa, kisha uende barabarani ukavuke peke yako."

"Ini langu halina moto," alisema Tabibu.

Fundi magari aliyekuwa amelala chini ya basi, nje ya dirisha, akaanza kucheka, na wenzake wakaitikia. Tabibu alikishika kikombe. Alikizungusha. Alikinusa kana kwamba anakijua kwa harufu. Breki, aliyekuwa na haki ya kupiga kelele, alimtazama tu, macho yameduwaa. Kisha Tabibu akakirudisha mezani kwa uangalifu mkubwa, asimwage hata tone.

"Haya," meneja alisema, "nimeelewa." Akakisogeza kikombe mbali na karatasi zake, akamwuliza Breki swali ambalo, mpaka siku ile, hakuna mtu aliyemuuliza. "Wewe, kwani huwa unakosa usingizi kwa nini?"

"Naogopa kupitiliza, bosi. Watoto watanyeshewa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Meneja akamtazama kama mtu anayetazama gari zima lililowekwa juu ya mawe kwa ajili ya nati moja. Alikuwa mtu mkali, na alimkaripia vizuri, kwa upumbavu wa kunywa kitu asichokijua na kuwapakia watoto. Breki aliitikia kila neno kwa kichwa. Lakini barua ya kufukuzwa aliichana. Akampa safari za mchana, za kuwarudisha watoto makwao, ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzikosa kwa kupitiliza kulala, kwa sharti kwamba hospitali imwone kwanza na damu iwe safi. Breki akaikunjua kofia yake, akaivaa, akaondoka bila kumpa shemeji yake mkono.

Duka likafungwa. Wakaguzi walikuja, wakabeba droo zote, ile ya "Shika taratibu" wakiidondosha ngazini. Nilidhani hapo ndipo mwisho wa Tabibu, na nakiri niliungoja kwa furaha. Nilikosea kwa kuwa niliwafikiria wateja wake kuwa ni watu waliodanganywa. Habari ilipoenea kwamba ndani ya pakiti mlikuwa na vidonge halisi vya hospitali, walikuja mbio. Tabibu akahamia mlango wa nyuma. Mkewe aligoma kushika mchi, akaenda kukaa kwa mdogo wake, kwa hiyo mwenyewe akatwanga, koti limejaa unga. "Daktari," nilimsikia yule mama mwenye ini akinong'ona, "nipe ile, ile yenyewe, yenye mambo." Walikuwa wakimshukuru kwa kuwadanganya kwa kitu cha maana.

Mlango ule wa nyuma ulifungukia uchochoro ambao basi la mchana hupita. Siku niliyohama, begi begani, nilimwomba Breki anifikishe stesheni, akaniweka kiti cha mbele. Alikuwa na macho ya mtu anayelala, si sana, lakini analala. Kwenye uchochoro ilimbidi asimame. Foleni ya wagonjwa ilikuwa imefurika barabarani, watu wazima wenye heshima zao, vitambulisho vya kazi shingoni, na hakuna aliyetaka kusogea asije akapoteza nafasi. Breki akapiga honi. Hawakugeuka. Akapiga tena.

Msichana mdogo aliyekaa nyuma yake akainuka kuchungulia. "Mjomba, wale wanangoja nini?"

"Usingizi," Breki alisema.

Mtoto akawatazama wote, toka wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Kwani kwao hakuna?"

Breki aliweka mguu juu ya breki, akangoja wapishe njia.